Tawi Lililobaki Bila Shina

Mwaka 1969 Tanzania ilipata Sheria mpya ya Elimu, na kwa sheria hiyo shule za misheni zilizokuwa zikipokea ruzuku zikaingia mikononi mwa serikali. Tabora haukuwa mji wa kupuuza habari hiyo. Huko ndiko mapadri wa White Fathers walikojenga St. Mary's, shule ambayo Julius Nyerere alifundisha tangu 1946 hadi 1949 kabla ya kwenda kusoma Edinburgh. Huko ndiko Waingereza walikoiweka shule yao ya serikali kwa ajili ya watoto wa watemi, shule ambayo Nyerere mwenyewe aliingia akiwa kijana mwaka 1937. Sasa Rais aliyetoka katika madarasa hayo alikuwa anasema kwamba elimu haiwezi kuendelea kuwa mali ya makanisa, jumuiya za rangi na wenye fedha.

Mwaka huohuo, upande wa pili wa mpaka, serikali ya Kenya ilimfungulia mlango Mmarekani mmoja aitwaye William C. Rust. Alikuwa rais wa chuo kikuu binafsi cha mjini San Diego, California, na alitaka kufungua tawi Nairobi. Akaruhusiwa. Tawi lile leo ni chuo kikuu kamili chenye jina la United States International University-Africa, maarufu kwa herufi zake USIU, kando ya Barabara ya Thika, eneo la Kasarani. Chuo kikuu cha San Diego kilicholizaa hakipo tena kwa jina lake. Historia ya USIU ni historia ya tawi lililoachwa bila shina, na sababu ya kutokukauka kwake iko zaidi katika sheria za Kenya kuliko katika fedha za California.

Msomaji wa Tabora, Nzega au Urambo ana haki ya kuuliza chuo hicho kinamhusu nini. Kinamhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kwa miaka mingi kijana wa Unyamwezi aliyetaka elimu ya Kimarekani bila kupanda ndege alikuwa na Nairobi tu. Pili, Wamarekani hawakuwa wageni katika njia ya misafara. Sultani Seyyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na tangu hapo shuka nyeupe za pamba kutoka viwanda vya Massachusetts zilishushwa Unguja, zikabebwa mabegani na wapagazi wa Kinyamwezi hadi Unyanyembe na Ujiji. Watu wakaziita merikani, na watemi wakazipokea kama hongo, yaani ushuru wa kupita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata usambazaji huo, vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi, na misafara haikusimama. Mwaka 1871 akaja Henry Morton Stanley kwa gharama za gazeti la New York Herald, akakaa Kwihara, jirani na Tabora, akajiingiza katika vita vya Waarabu wa Tabora dhidi ya mtemi Mirambo, akashindwa pamoja na Waarabu hao.

Katika elimu, Marekani ilifika kwanza kama mshauri. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes wa New York ilizunguka Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwemo, ikiwa na James Aggrey, msomi mzaliwa wa Gold Coast aliyefundisha kwa miaka mingi Livingstone College huko North Carolina. Tume ile ilihubiri elimu ya mikono, kilimo na tabia njema, kwa mfano wa shule za Hampton na Tuskegee walikosomeshwa Wamarekani weusi wa Kusini. Waingereza waliupenda ushauri huo kwa sababu zao. Mwafrika aliyesoma useremala na kilimo aliwasumbua kidogo kuliko Mwafrika aliyesoma sheria.

Miaka thelathini na mitano baadaye mwelekeo ukageuka kabisa. Mwezi Septemba 1959 ndege ilipaa kutoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma katika vyuo vya Marekani. Aliyeipanga safari hiyo ni Tom Mboya, akisaidiwa Nairobi na Julius Gikonyo Kiano, na Marekani akisaidiwa na watu kama Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Hesabu ya Mboya ilikuwa rahisi: Makerere ilikuwa na nafasi chache, Uingereza ilikuwa na masharti mengi, na uhuru ulikuwa mlangoni bila watu wa kukalia viti vya ofisini. Mwaka 1960 mfuko wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000, na ndege zilizofuata zilibeba vijana wa Tanganyika na Uganda pia. Wangari Maathai aliondoka mwaka huo, akaenda chuo kidogo cha watawa huko Kansas.

Kiano anahitaji kusimama hapa kidogo. Alikuwa Mkenya wa kwanza kupata shahada ya uzamivu, nayo aliipata Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1956. Alijua kwa uzoefu kwamba Marekani hakuna wizara moja inayovitawala vyuo vyote, kwamba chuo binafsi kinaweza kuwa kizuri kuliko cha umma, na kwamba kijana anaweza kuanza na hisabati akamalizia na siasa bila kufukuzwa. Rust alipoleta maombi yake, Waziri wa Elimu wa Kenya alikuwa Kiano. Huwezi kuliona hilo kama jambo la bahati tu. Waziri aliyesomea London au Durham pengine angeuliza maswali mengine.

Mboya hakupata nafasi ya kuona mengi. Aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Chuo cha San Diego nacho kilikuwa na historia ya kubadili majina kama nguo. Kilianza mwaka 1924 kama chuo cha sheria cha Balboa, kikawa Balboa University, halafu mwaka 1952 kikajiita California Western University chini ya mwavuli wa Kanisa la Methodisti. Rust alishika urais mwaka 1958. Alikuwa mtu wa mipango mikubwa, na mwishoni mwa miaka ya 1960 chuo kikapewa jina la United States International University. Wazo lake lilikuwa kuwa na kampasi katika nchi mbalimbali, zote zikifundisha mitaala inayolingana, ili mwanafunzi aweze kusoma muhula mmoja California, mwingine London na mwingine Nairobi bila kupoteza hata somo moja. Kwa nyakati tofauti chuo kilikuwa na kampasi Colorado, Hawaii, Mexico City na Bushey, nje kidogo ya London.

Wazo hilo halikuwa la kawaida hata kwa Wamarekani wenyewe. Vyuo vyao vya kale vya ng'ambo vilijengwa kwa namna nyingine. Robert College ya Istanbul ilianza 1863, chuo cha Beirut kilianza 1866 kwa jina la Syrian Protestant College, na American University ya Cairo mwaka 1919. Hivyo havikuwa matawi. Kila kimoja kilikuwa chuo kinachojitegemea, chenye baraza la wadhamini lililosajiliwa Marekani, lililokusanya fedha Marekani na kuajiri rais wake lenyewe. Chuo cha Beirut kikiyumba, hapakuwa na makao makuu ya kuyumba pamoja nacho. Tawi la Rust lilikuwa kinyume. Shahada, mitaala, ithibati na sahihi ya rais vyote vilitoka San Diego. Faida yake ni kwamba mhitimu wa Nairobi alipata karatasi ileile aliyoipata mhitimu wa California. Hasara yake ilionekana baadaye.

Kenya ya 1969 haikuwa na sheria iliyojua kitu kinachoitwa chuo kikuu binafsi. Hata chuo kikuu cha umma hakikuwa kimekamilika. Nairobi ilikuwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Dar es Salaam, na muungano huo haukuvunjwa hadi 1970. Kwa hiyo tawi la Wamarekani likaishi kwa miaka mingi kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni bila kuonyeshwa chumba cha kulala. Liliruhusiwa kufundisha, lakini shahada zake zilikuwa za kigeni kisheria. Lilikuwa dogo. Lilipokea Wamarekani waliokuja kwa muhula, watoto wa wanadiplomasia na wa watumishi wa mashirika, hasa baada ya Umoja wa Mataifa kuweka Nairobi makao makuu ya shirika lake la mazingira, na Wakenya wenye uwezo wa kulipa ada.

Kwa Mtanzania wa wakati huo mlango ulikuwa mwembamba mno. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limeshasema njia ni ipi, na Elimu ya Kujitegemea ikafuata mwezi uliofuata. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kijana afanye kazi kwanza baada ya kidato cha sita, kisha apendekezwe ndipo aende chuo kikuu. Kulipa dola kwa chuo cha Kimarekani katika mazingira hayo kulihitaji fedha za kigeni ambazo Benki Kuu haikuzigawa kwa mzazi wa kawaida, na kulihitaji ujasiri wa kuulizwa maswali. Kisha Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa zaidi ya miaka sita, Namanga na Sirari hazikuwa njia ya mwanafunzi.

Kilichokikuza chuo hiki ni misukosuko ya vyuo vya umma. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kufungwa kwa vyuo kukawa jambo la mara kwa mara katika miaka iliyofuata. Dar es Salaam nayo haikusalimika: mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Mlimani kilifungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao kwa miezi. Mzazi mwenye mtoto wa miaka ishirini anayekaa nyumbani akisubiri tangazo la redio huanza kupiga hesabu nyingine. Chuo binafsi kilikuwa ghali, lakini kilikuwa na kalenda, na kalenda yake ilifuatwa.

Jambo la pili lilikuwa mfumo wa 8-4-4. Tume iliyoongozwa na Mkanada Colin Mackay mwaka 1981 ilipendekeza chuo kikuu cha pili cha umma na muundo mpya wa elimu, na mwaka 1985 Kenya ikaanza safari ya miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Kidato cha tano na cha sita vikafa. Bila mtu kukusudia hivyo, Kenya ilikuwa imejenga ngazi inayolingana na ya Marekani: shahada ya kwanza ya miaka minne, ambayo mwaka wake wa kwanza unafanya kazi iliyokuwa ikifanywa na kidato cha sita. Chuo cha Kimarekani hakikuhitaji kujikunja ili kuingia katika mlango huo. Tanzania ilibaki na vidato vyake sita, na ndiyo maana Mtanzania aliyefika Kasarani miaka ya baadaye alijikuta darasa moja na Mkenya aliyemaliza kidato cha nne, akisoma tena misingi ya uandishi na hisabati aliyodhani ameiacha Tabora. Wengine walinung'unika. Wengine walishukuru kwa alama za bure.

Mwaka 1990 ulikuwa mgumu kwa pande zote. Kenya ilikuwa inaingiza vyuoni kundi la kwanza la 8-4-4 pamoja na mabaki ya kidato cha sita, na mabweni ya umma yakafurika. San Diego, chuo mama kilielemewa na madeni, kikaomba ulinzi wa mahakama chini ya sheria ya kufilisika mwezi Desemba. Enzi ya Rust ikaisha baada ya miaka zaidi ya thelathini. Mtandao wake wa dunia ukaanza kupungua, na kampasi ya Bushey ikafungwa. Tawi ambalo uhai wake wote ulitegemea sahihi ya San Diego lingeweza kufungwa vilevile, na hakuna ambaye angeshangaa.

Lakini Kenya ilikuwa imeshaandika sheria. Mwaka 1985 Bunge lilipitisha Sheria ya Vyuo Vikuu iliyounda Tume ya Elimu ya Juu, na mwaka 1989 zikatoka kanuni zinazoeleza chuo binafsi kinavyopaswa kuwa: kiwe na ardhi, maktaba, walimu wenye sifa, fedha za kuaminika na uongozi unaojulikana. Chuo kikitimiza hayo kinapewa hati idhini, na kikishaipata kinatoa shahada zake chenyewe. Kwa taasisi za umisheni hiyo ilikuwa nafasi waliyoisubiri. Baraton ya Waadventista ilipata hati yake mwaka 1991, chuo kikuu cha Wakatoliki cha Karen 1992, Daystar 1994, Scott Christian 1997. Vyote vinne ni vya Kikristo. Cha tano kilikuwa USIU, tarehe 10 Desemba 1999, na hakikuwa cha kanisa lolote.

Miaka tisa kati ya kufilisika kwa San Diego na hati ya Nairobi ndiyo inayostahili kuitwa miaka ya kuzaliwa kwa chuo hiki, ingawa kadi za sherehe huandika 1969. Aliyekiongoza katika sehemu kubwa ya kipindi hicho na baada yake ni Freida Brown, Mmarekani aliyeshika uongozi katikati ya miaka ya 1990 na kustaafu mwaka 2015. Wakati wake kampasi ya Kasarani iligeuka kutoka majengo machache hadi chuo chenye maktaba kubwa, mabweni, viwanja na kituo cha wanafunzi ambacho leo kina jina lake. Maktaba ina jina la mwanamke mwingine, Lillian K. Beam. Si vyuo vingi vya Afrika Mashariki ambavyo majengo yake makubwa mawili yana majina ya wanawake.

Huko California mambo yaliendelea bila kuisubiri Nairobi. Mwaka 2001 chuo mama kiliungana na California School of Professional Psychology, shule ya saikolojia ambayo nayo, kwa sadfa, ilianzishwa mwaka 1969. Kutokana na muungano huo kikazaliwa Alliant International University, na jina la USIU likafutika katika ardhi lilikozaliwa. Nairobi haikulifuta. Ilikuwa na hati ya Kenya yenye jina hilo, wahitimu wenye vyeti vya jina hilo, na dereva wa matatu aliyejua kituo kwa jina hilo. Ikajitenga na Alliant, na mwaka 2008 ikapata ithibati yake yenyewe kutoka WASC, chombo kinachokagua vyuo vya magharibi mwa Marekani.

Hapa panahitaji ufafanuzi, kwa sababu ithibati ya Marekani haifanani na tuliyoizoea. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) na Kenya ina tume yake, na zote ni vyombo vya serikali. Marekani kazi hiyo hufanywa na vyama vya vyuo vyenyewe. Chuo huandika ripoti ndefu ya kujikagua, kisha maprofesa na watawala wa vyuo vingine hutumwa kuja kuangalia kama yaliyoandikwa yapo. Wanauliza mwanafunzi anajua nini baada ya somo ambacho hakukijua kabla, na chuo kinajuaje. Wanahesabu fedha. Wanauliza kama baraza la wadhamini linasimamia au linapiga muhuri tu. Baada ya miaka kadhaa wanarudi. Chuo cha Kasarani kwa hiyo kina mabwana wawili wa ukaguzi, mmoja Nairobi na mwingine California, na kila mmoja ana fomu zake. Mhitimu anayetaka kuendelea na masomo Marekani au Kanada huona faida yake haraka, maana cheti chake hakihitaji kuelezwa.

Mwaka 2015, Alliant ikabadili hadhi yake ya kisheria ikawa kampuni inayoweza kutafuta faida, ikiwa na kundi la Ujerumani la Bertelsmann kama mwekezaji. Tawi la Nairobi limebaki taasisi isiyogawa faida kwa mtu yeyote. Rust hakuliota hilo.

Ukiingia leo Kasarani unakuta muundo uliochanganya desturi mbili. Kwa upande wa Jumuiya ya Madola kuna Mkuu wa Chuo wa heshima, Makamu Mkuu wa Chuo anayetawala siku hadi siku, Baraza la Chuo na Seneti ya wanataaluma. Kwa upande wa Marekani kuna Baraza la Wadhamini juu ya wote, na ndilo lenye chuo kwa niaba ya umma. Kiti cha Mkuu wa Chuo kilikaliwa kwa miaka mingi na Manu Chandaria, mfanyabiashara wa Nairobi aliyezaliwa 1929 na kusoma India na Chuo Kikuu cha Oklahoma. Familia yake ilichangia kiasi kwamba shule ya biashara, ambayo ndiyo kubwa na maarufu kuliko zote, inaitwa Chandaria School of Business. Zipo pia shule za insia na sayansi za jamii, sayansi na teknolojia, famasia na afya, pamoja na mawasiliano na sanaa za filamu.

Mwaka una mihula mitatu: Septemba, Januari na Mei. Wanafunzi huiita kwa majina ya majira ya Marekani, vuli, masika na kiangazi kwa Kiingereza, katika mji ambao mwezi Julai watu huvaa masweta. Ada hulipwa kwa idadi ya masomo unayochukua. Mwenye fedha na haraka anamaliza mapema, aliyeishiwa anachukua masomo mawili na kusubiri muhula ujao. Mwanafunzi wa uhasibu analazimika kupita darasa la falsafa, sayansi ya mazingira na lugha. Alama hazingoji mtihani wa mwisho: majaribio, insha, kazi za vikundi na hata mahudhurio huhesabiwa, na mhadhiri naye hupimwa na wanafunzi wake kila muhula. Mtu aliyezoea Mlimani, ambako mtihani mmoja ulikuwa na uwezo wa kumrudisha mtu kijijini, huuona utaratibu huu kuwa laini. Si laini. Unamnyima mwanafunzi nafasi ya kulala miezi mitatu na kuamka wiki ya mwisho.

Sifa ya chuo mitaani ni ya watoto wa wenye nazo, na magari yaliyojaa maegesho hayajaisaidia kuifuta. Sifa hiyo ina ukweli wake. Kwa nusu karne chuo kimeishi kwa ada, bila ruzuku ya hazina ya taifa na bila kanisa la kukichangia, na ada ya namna hiyo huchagua wanafunzi kabla ya ofisi ya udahili kuwachagua. Wapo waliojaribu kupanua mlango. Paul Tiyambe Zeleza, mwanahistoria wa Malawi aliyetoka kufanya kazi Marekani na kuwa Makamu Mkuu wa Chuo tangu 2016 hadi 2021, alikuwa ameshaandika kuhusu vyuo vikuu vya Afrika kabla ya kukabidhiwa kimoja. Mwaka 2020, katikati ya janga la korona, chuo kilitangaza ushirikiano na Mastercard Foundation wa kusomesha vijana 1,000 wasio na uwezo kwa miaka kumi. Margee Ensign, aliyemfuata Zeleza, alikuwa ameongoza chuo cha Kimarekani cha Yola, Nigeria, na Dickinson College huko Pennsylvania, kwa hiyo aliijua aina hii ya taasisi kwa pande zote mbili.

Chuo hutaja kwamba wanafunzi wake hutoka katika mataifa yapatayo 70. Watanzania wamo. Wengi hupanga vyumba Roysambu au Mirema, na tangu barabara kuu ya Thika ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, safari ya kwenda katikati ya jiji haimalizi tena asubuhi nzima.

Tanzania yenyewe ilibadili sheria mwaka 1995 na kuruhusu vyuo vikuu binafsi. Hubert Kairuki ilifungua milango Dar es Salaam mwaka 1997, Mtakatifu Augustino ikafuata Mwanza 1998, na Tabora ikapata Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo, chenye jina la Marko Mihayo aliyeongoza jimbo kuu hilo tangu 1960 hadi 1985. Mapadri waliopokonywa shule kwa sheria ya 1969 wakarudi katika elimu kwa mlango wa chuo kikuu. Chuo cha Kimarekani chenye ithibati ya Marekani hakikufuata nyayo zao hadi magharibi mwa nchi. Wamarekani wanaofundisha Tanzania hufanya hivyo kwa mikataba ya ushirikiano na vyuo vilivyopo, na vikundi vyao vya wanafunzi hupita kwa miezi michache na kuondoka.

Mzazi wa Lusu, Nzega, mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha sita Tabora, na ambaye bado anaifikiria Kasarani, ana hesabu inayojulikana. Kutoka Nzega basi hupita Igunga, Singida na Babati hadi Arusha, kisha Namanga, kisha Nairobi. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, imempunguzia mwanafunzi adha ya kibali. Ada haijapunguzwa na itifaki yoyote: Bodi ya Mikopo ya Tanzania hukopesha zaidi wanaosoma vyuo vya ndani, kwa hiyo asiyepata ufadhili hulipa kwa mpunga, tumbaku au ng'ombe wake mwenyewe, na hulipa kila Septemba, Januari na Mei.